Kisiki, Moja

Saa tatu kasorobo, na jua la Friesland
bado linajivuta kitandani.
Gari nimeliegesha chini ya tuta;
vioo vimeshaanza kuota manyoya ya barafu.
Wiebren kavaa sweta mbili, koti juu ya koti,
na kofia ya marehemu mkewe, yenye kishada,
ambayo hataki izungumzwe.

Hakujaliwa mtoto, Wiebren.
Huyu mtoto wa jicho ndiye aliyemjia uzeeni,
tena pacha, mmoja kila upande,
wametulia kwenye mboni
kama utando juu ya maziwa yaliyopoa.
Miaka thelathini na sita alifungua na kufunga
milango ya maji ya bwawa hili,
na kila Januari akahesabu ndege wawindao.
Leo darubini naibeba mimi.
"Wewe utaona," aliniambia kwenye simu. "Mimi nitajua."

Kibandani, dirisha la mbao limeganda.
Nalisukuma kwa kiwiko; upepo unaingia bila hodi.
Mbele yetu nusu maji, nusu barafu,
matete rangi ya mkate uliochacha,
na bata elfu mbili, labda tatu,
wamejipanga ukingoni
kama watu wa foleni wasiojua foleni ni ya nini.

"Nyamaza," anasema, nami sijasema.

Bata wanainuka. Wote, shuka iliyokung'utwa.
"Jeltsje, wamepanda, au wamejitupa majini?"
"Wamepanda. Wanazunguka. Wanazidi kubanana."
"Basi ni kozi. Mtafute juu yao, si kati yao."

Na kozi yupo:
nukta,
kisha mkato,
kisha mstari uliopigwa kwa rula kutoka mawinguni hadi
hewa tupu. Amekosa.
Bata mmoja ametokea upande wa pili wa kifo
akipiga mbawa vilevile.
"Mara nyingi hukosa," anasema Wiebren,
akimimina supu ya njegere,
nusu kikombeni, nusu gotini kwangu.

Mchana tukahamia bwawa la pili.
Huko nikamkuta shakivale wa kaskazini,
amekuja toka Laplandi na soksi zake za manyoya,
amejitundika kwenye upepo
kama koti kwenye msumari usioonekana.
Nilimtazama mpaka jicho likatoa machozi,
na machozi yakaganda kwenye kioo cha darubini.

"Na pale kwenye barafu, kushoto," akasema, "kuna tai."
"Kile ni kisiki."
"Tai. Nasikia kunguru wanamzomea."
Dakika ishirini nilikikodolea kile kisiki.
Hakikugeuza shingo. Hakikufunua bawa.
Kunguru walikuwa wakigombea mfuko wa chipsi.
Nikamwambia. Akakaa kimya,
akatafuna kipande cha jibini, akameza.
"Andika," akasema. "Kisiki, moja."

Saa kumi na moja kasoro, vipanga wakaanza kurudi matete kulala.
Hawa hawamshtui bata. Hawalii.
Wanapita chini chini, mbawa zimeinuliwa kidogo
kama mtu anayebeba sinia,
na hakuna cha sikio kushika.
Wiebren akageuza uso huku, akageuza kule.
Kisha akaniomba daftari na penseli.
"Nisimulie."

Wa kwanza, jike, kiuno cheupe
kama aliyekalia chokaa.
Wa pili, jike. Wa tatu, dume,
kijivu cha jivu la juzi,
ncha za mbawa amezichovya kwenye wino.
Wa nne anatua, anaghairi, anatua tena.
Nikaendelea hadi wa saba,
hadi matete na giza vikawa kitu kimoja,
na kila nilipotaja, penseli ikakwaruza.

Garini nikawasha taa ya darini.
Vijiti vyake saba vilikuwa vimelaliana,
juu ya kimoja kingine, juu ya kingine tena:
mstari mmoja, mnene, mweusi,
karatasi imekaribia kutoboka.

"Nimeandika vizuri?"
Alikuwa akipapasa mkanda wa kiti.
"Vimesimama wima," nikamjibu,
na huo haukuwa uongo,
nikatia gari moto.